Moyo wa mwenye sukari huharibikia kwenye utando wa seli

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme jambo la sukari ambalo huku Lamu halisemwi vya kutosha. Mtu akigunduliwa na kisukari huonywa kuhusu macho, figo na miguu. Moyo ukitajwa, kinachotajwa ni mishipa: mafuta yameganda, mshipa umeziba, mtu ameanguka. Hayo ni kweli na yanaua. Lakini uko ugonjwa wa pili wa moyo wa kisukari ambao mishipa iko wazi na presha haina neno, na bado nyama yenyewe ya moyo imechoka. Huo huanzia mahali padogo mno, kwenye utando wa seli. Asiyejua kazi ya utando huo hataelewa kwa nini mgonjwa ambaye kipimo chake cha asubuhi kinasoma 7 anatweta akipanda ngazi za nyumba ya ghorofa hapa mjini.

Habari hii si mpya. Mwaka 1972, Shirley Rubler na wenzake huko New York walieleza maiti nne walizozichunguza za watu waliokuwa na kisukari na figo zilizoharibika. Mioyo ilikuwa imeshindwa kazi, na mishipa mikubwa ya moyo haikuwa imeziba. Miaka miwili baadaye, takwimu za mji wa Framingham, Marekani, zilionyesha kwamba mwanamume mwenye kisukari ana hatari ya moyo kushindwa mara mbili ya asiye nacho, na mwanamke mara tano. Wanawake wetu wasome sentensi hiyo tena, kwa sababu wao ndio wanaoambiwa kila siku kwamba kuchoka ni mambo ya umri na kazi za nyumbani.

Seli ya msuli wa moyo imefunikwa na utando wenye unene wa nanomita 7 au 8. Unywele wa kichwa ni mnene kuliko huo mara elfu kumi hivi. Utando huo ni safu mbili za mafuta. Vichwa vya mafuta hayo vimeelekea majini, nje na ndani ya seli, na mikia imefichwa katikati. Humo humo zimechomekwa protini, na hizo ndizo milango ya seli, pampu zake na masikio yake.

Aliyepita kijiji cha Matondoni penye jahazi linaloundwa ameona fundi akisokomeza pamba iliyolowa mafuta kati ya ubao na ubao, taratibu, kwa patasi na nyundo, kisha mbao zikapakwa sifa. Kalafati hiyo haitakiwi kuwa ngumu. Jahazi hujikunja na mawimbi, na kalafati iliyokauka haijikunji nalo, hupasuka na maji yakaingia. Utando wa seli ni vivyo hivyo: kinga yake iko katika ulaini wake. Tofauti ni kwamba utando hujengwa upya kila siku, na mafuta yanayoujenga ni yale tunayokula na yale ambayo ini hutengeneza.

Tuanze na milango. Watu wengi hudhani insulini huingia ndani ya seli ikiwa imeibeba sukari. Haiingii. Hubisha hodi tu kwenye kipokezi kilichokaa kwenye utando. Ndani ya seli kuna vifuko vidogo vyenye mlango wa sukari unaoitwa GLUT4. Hodi ikisikika, vifuko hivyo husogea hadi ukingoni, vikaungana na utando, milango ikatokeza nje na glukosi, yaani sukari ya damu, ikaingia. Insulini ikipungua, milango hurudishwa ndani. Mlango wa mafuta nao upo, unaitwa CD36, nao pia huwekwa kwenye vifuko na kutolewa kwa zamu. Moyo wa mtu mwenye afya hupata asilimia 60 hadi 70 ya nguvu zake kwa kuchoma mafuta, na sehemu kubwa ya iliyobaki kwa glukosi, na hubadilisha kati ya hivyo viwili kulingana na saa na chakula.

Katika kisukari cha aina ya pili mpangilio huo huvurugika hapo hapo ukingoni. CD36 hubaki nje kwenye utando hata pasipoitwa, na GLUT4 hubaki ndani hata ikiitwa. Moyo unaogelea katika damu iliyojaa sukari nao hauwezi kuila. Hutegemea mafuta, wakati mwingine hadi asilimia 90 ya mahitaji yake. Kuchoma mafuta kunataka oksijeni zaidi, kama asilimia 10 hivi, kwa kazi ile ile. Kwa moyo unaopiga mara 100,000 kwa siku, asilimia hiyo si ndogo.

Halafu mafuta huingia mengi kuliko yanayoweza kuchomwa. Yanayobaki hugeuka kuwa vitu viwili vyenye madhara, diasilgliseroli na seramidi. Cha kwanza huukatiza ujumbe wa insulini karibu tu na kipokezi, cha pili huuzima mbele kidogo. Insulini inaendelea kubisha, kipokezi kinasikia, lakini habari haifiki kwenye vifuko. GLUT4 inazidi kukaa ndani, moyo unazidi kula mafuta, seramidi inazidi kuzaliwa. Ndiyo maana kuchelewa mwaka mmoja kutibu kisukari hakulipwi kwa mwaka mmoja wa dawa.

Seramidi hutengenezwa kwa asidi ya palmitiki, aina moja ya mafuta, na palmitiki hatuikosi majikoni mwetu. Mafuta ya mawese, ambayo ndiyo yaliyomo katika mafuta mengi ya bei nafuu ya kukaangia, yana palmitiki ya asilimia 44 hivi. Lakini kuna chanzo ambacho watu hawakijui: ini. Sukari na unga vikizidi, ini huvigeuza kuwa palmitiki na kuimimina kwenye damu. Anayesema yeye hali vya mafuta, chakula chake ni chai ya sukari na mkate mweupe asubuhi na jioni, anajitengenezea mafuta hayo mwilini mwake.

Tukiingia ndani ya seli tunakuta tando nyingine, na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Theluthi moja ya seli ya moyo ni mitokondria, vile viwanda vya nguvu. Kila kimoja kina utando wa nje na wa ndani, na ule wa ndani umekunjwa makunyanzi ili upate eneo kubwa. Juu ya makunyanzi hayo zimepangwa protini zinazopokezana elektroni hadi nguvu ipatikane. Kinachozishikilia pamoja ni aina moja ya mafuta iitwayo kadiolipini, ambayo Mary Pangborn aliitenga mara ya kwanza kutoka moyo wa ng'ombe mwaka 1942. Mafuta ya kawaida ya utando yana mikia miwili. Kadiolipini ina minne, na katika moyo wenye afya karibu yote ni asidi ya linoleiki. Asidi hiyo mwili hauwezi kuitengeneza. Hutoka kwenye chakula: ufuta, alizeti, mahindi, karanga.

Panya wa maabara waliotiwa kisukari walionekana wakipoteza kadiolipini ya moyo ndani ya siku chache tu, kabla moyo haujaonyesha dalili yoyote, na mikia ya linoleiki ikabadilishwa na mingine. Protini zikilegea kwenye utando, elektroni huvuja njiani na kuungana na oksijeni, na hapo huzaliwa chembe kali zinazoiunguza kadiolipini iliyobaki. Uthibitisho wa jinsi mafuta hayo yalivyo muhimu kwa moyo wa binadamu hatuutafuti kwa panya. Daktari Mholanzi Peter Barth alieleza mwaka 1983 ugonjwa wa kurithi wa watoto wa kiume ambao miili yao haiwezi kuitengeneza kadiolipini ipasavyo, na mioyo ya watoto hao hudhoofika tangu utotoni. Hawana kisukari. Wana kasoro ya utando peke yake.

Utando wa tatu ni wa ghala la kalsiamu. Kila pigo la moyo ni kalsiamu kutoka ghalani na kurudi. Ikitoka, msuli unajikaza; ikirudishwa, unalegea. Kwa binadamu, kama asilimia 70 hurudishwa na pampu iitwayo SERCA iliyo kwenye utando wa ghala, na sehemu kubwa ya iliyobaki husukumwa nje ya seli. Katika kisukari pampu ya SERCA hupungua na kuzorota, kwa hiyo kalsiamu huchelewa kurudi. Moyo unakaza vizuri lakini haulegei kwa wakati, na moyo usiolegea haujai. Damu inayotafuta nafasi ya kuingia inarudi nyuma kwenye mapafu.

Tumeyafuata haya mpaka hapa kwa sababu yana matokeo ya moja kwa moja kwenye kipimo cha eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Mgonjwa hutoka Lamu kwa boti na basi kufuata kipimo hicho mbali, akarudi na karatasi yenye namba moja iliyopigiwa mstari, ile ya kiasi cha damu moyo unachosukuma kwa pigo. Imeandikwa asilimia 55 au 60, anaambiwa moyo ni mzima. Namba hiyo inapima kukaza. Haipimi kulegea. Mtu anaweza kuwa na asilimia 60 na moyo wake umekwisha kushindwa, na kwa wenye kisukari hali hiyo ni ya kawaida sana. Kwenye karatasi hiyo hiyo itafutwe alama ya E/e'. Ikizidi 14, shinikizo ndani ya moyo linaelekea kuwa limepanda. Iangaliwe na saizi ya chumba cha juu cha kushoto, ambacho hutanuka taratibu kwa kusukuma damu kwenye moyo mgumu. Kama mstari huo haumo, aulizwe aliyepima kabla mgonjwa hajapanda gari la kurudi. Pasipo na eko, kipimo cha damu cha NT-proBNP kikisoma chini ya 125 kwa mgonjwa asiyelazwa, uwezekano wa moyo kushindwa ni mdogo, ingawa kwa wanene kipimo hicho husoma chini kuliko hali ilivyo.

Sasa pampu nyingine, ya sodiamu na potasiamu, ambayo Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957 na kupewa Tuzo ya Nobel kwayo mwaka 1997. Kila mzunguko hutoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani. Ni kama mabaharia wanaokumba maji ya ngama: wakiacha, chombo hakizami mara moja, lakini kinazidi kulala. Kisukari huipunguzia kasi pampu hiyo, na insulini huichochea. Kwa sababu hiyo mgonjwa aliyezidiwa, sukari imepanda sana na damu imekuwa ya asidi, ana hatari inayojificha. Potasiamu imetoka ndani ya seli zake na kupotea kwenye mkojo, ilhali kipimo cha damu kinaweza kuonyesha iko sawa au hata imezidi. Akidungwa insulini, pampu zinaamka, potasiamu inakimbilia ndani, damu inabaki tupu na moyo unapoteza mapigo. Utaratibu unaokubalika ni kupima potasiamu kabla ya insulini. Ikiwa chini ya 3.5, aanze kwa maji na potasiamu, insulini isubiri. Kisha ipimwe tena kila baada ya saa 2 mwanzoni. Zahanati isiyo na kipimo hicho ianze maji ya dripu na kumpeleka mgonjwa panapopimwa bila kukawia, na kwa visiwa vyetu hilo lina maana boti iwe tayari usiku.

Hatari ya upande wa pili ni madafu. Watu wa pwani huyasifu madafu kwa moyo, na kwa mtu mwenye figo nzima hayana ubaya mkubwa mbali na sukari yake. Lakini maji ya dafu yana miligramu 250 hivi za potasiamu katika mililita 100. Dafu la mililita 400 lina gramu nzima, zaidi ya ndizi mbivu mbili. Mgonjwa wa sukari ambaye figo zimechoka na anameza dawa za presha zinazobakiza potasiamu, kama enalaprili, losatani au spironolaktoni, akinywa madafu mawili kwa siku ya joto anaweza kuipandisha potasiamu mpaka mapigo yakavurugika. Tunaomba wauguzi waulize swali la madafu kwa jina lake. Mgonjwa akiulizwa kama anakula vyakula vyenye potasiamu atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli kwa anavyojua.

Kuhusu dawa, mambo yamebadilika na wengi hawajaambiwa. Figo huchuja glukosi yote ya damu na kuirudisha kupitia mlango wa utando uitwao SGLT2, ambao hurudisha asilimia 90 hivi. Dawa za dapagliflozini na empagliflozini huufunga mlango huo, na gramu 60 hadi 80 za sukari hutoka kwa mkojo kila siku pamoja na chumvi na maji. Utafiti wa EMPA-REG wa mwaka 2015, uliopima empagliflozini kwa wagonjwa 7,020 wa kisukari waliokuwa tayari na magonjwa ya moyo na mishipa, ulionyesha vifo vya moyo kupungua kwa asilimia 38, na kulazwa kwa moyo kushindwa kwa asilimia 35. Utafiti wa DAPA-HF wa mwaka 2019, wa dapagliflozini, ukaonyesha faida kwa walioshindwa moyo hata wasio na kisukari. La ajabu ni kwamba mlango wa SGLT2 haumo kwenye seli za moyo. Wanasayansi wanabishana dawa inaugusaje moyo, na wengi wanaelekea kwenye sodiamu ndani ya seli. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Si dawa za kuazimana barazani. Husababisha fangasi sehemu za siri, kwa hiyo kujisafisha kwa maji na kujikausha kuwe sehemu ya maagizo, na iambiwe wanaume na wanawake bila haya. Mgonjwa anayetapika, anayeharisha au asiyekula aziache mpaka apone, na aziache siku 3 au 4 kabla ya upasuaji, kwani asidi inaweza kupanda damuni hata sukari ikiwa karibu na kawaida. Katika joto la kaskazi, na hasa Ramadhani, aangaliwe asikaukiwe. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asianzishiwe kienyeji. Na kuna dawa nyingine za sukari za kuepuka moyo ukishaonyesha dalili: pioglitazoni hubakiza maji mwilini, na saxagliptini iliongeza kulazwa kwa moyo kushindwa katika utafiti uliotolewa 2013. Metfomini inaendelea kutumika maadamu figo zinaruhusu.

Insulini nayo, tumesema kazi yake ni kubisha hodi. Iliyoharibika kwa joto haibishi. Chupa isiyofunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa hudumu siku 28 ikiwekwa chini ya nyuzi 25, au 30 kwa baadhi, ndivyo inavyoandikwa kwenye karatasi yake. Nyumba isiyo na friji itumie vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Chombo hiki hupoza kwa maji kuwa mvuke, na hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo kikiwekwa chumbani kwenye kona hakisaidii. Kiwekwe kivulini panapopita upepo na mchanga ulowanishwe asubuhi na jioni. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuilaza insulini juu ya barafu ya samaki. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka. Insulini iliyo angavu kama maji ikiwa na ukungu itupwe. Ile nyeupe kama maziwa ibingirishwe kati ya viganja mara 10 bila kutikiswa kwa nguvu, na ikibaki na mabonge au chembe zilizoganda kwenye kioo itupwe pia.

Chakula tunakitaja kwa tahadhari, kwa sababu kuna watu wanaouza vidonge vya mafuta ya samaki kwa kisingizio cha moyo. Ni kweli kwamba omega-3 ya samaki huingia kwenye utando wa seli za moyo. Lakini utafiti wa ASCEND wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2018, uliwafuatilia watu 15,480 wenye kisukari kwa miaka 7 na zaidi, na kidonge cha gramu moja kwa siku hakikupunguza mashambulizi ya moyo wala kiharusi. Dozi kubwa zaidi zimehusishwa na mapigo kwenda ovyo. Pesa ya kidonge inunue samaki: nguru, jodari, vibua, dagaa, mara mbili au zaidi kwa wiki, wa kupaka, wa kuchoma au wa mchuzi. Samaki akikaangwa kwenye mafuta yaliyokwisha chemka mara tano faida yake imeishia karaini. Tui la nazi hatuwakatazi watu wa Lamu, tungekuwa tunapoteza muda. Lakini mafuta ya nazi ni zaidi ya asilimia 80 yaliyojaa, basi liwe tui jepesi, na lisiwe kila siku. Mafuta mgando yaliyotiwa haidrojeni ndiyo mabaya kabisa. Mikia yake imenyooka kama fimbo, ikipangwa kwenye utando hubanana na utando ukakakamaa, kama ile kalafati iliyokauka. Kwenye kibandiko yanaandikwa mafuta yaliyohaidrojenishwa kwa sehemu. Papa mkavu na ng'onda waroweshwe na maji yamwagwe, chumvi ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai kwa hesabu yote.

Kutembea kuna sababu yake kwenye utando. Msuli unaofanya kazi hutoa GLUT4 nje kwa njia isiyohitaji insulini, na athari hiyo hubaki saa nyingi baada ya mtu kupumzika. Kutoka mjini hadi kijiji cha Shela kwa njia ya ufukweni ni kilomita 3 hivi, dakika 40 hadi 45. Siku nne kwa wiki zinatimiza dakika 150 zinazotakiwa na zaidi. Asiyeweza atembee dakika 10 baada ya kila mlo. Anayedunga insulini asitoke na tumbo tupu, na mfukoni awe na sukari. Kipimo kikishuka chini ya 4, vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, apime tena. Sukari ikishuka sana, milango ya potasiamu kwenye utando huchelewesha moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata, na ndiyo moja ya sababu za mtu mwenye kisukari kukutwa amekufa kitandani. Kwa Ramadhani, atakayesoma chini ya 3.9 au juu ya 16.7 afungue saumu papo hapo. Kujichoma kidole kupima hakubatilishi funga, na mashekhe waliulizwa hilo zamani.

Tunaloliomba kliniki za kaunti si mashine. Daftari analotembea nalo mgonjwa wa sukari lina tarehe, sukari, presha na dawa. Iongezwe safu ya uzito, upimwe kila mara kwa mzani ule ule, na mgonjwa mwenye mzani nyumbani aupime asubuhi akishatoka msalani kabla hajanywa chai. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3 hayo ni maji, si unono, na aende hospitali siku hiyo. Kidole kibonyezwe kwenye muundi wa mguu na iandikwe kama shimo limebaki. Kipimo cha umeme wa moyo mara moja kwa mwaka, kwa kuwa kisukari huua mishipa ya fahamu na mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu. Na kila mgonjwa aulizwe analalia mito mingapi. Aliyekuwa akilalia mmoja na sasa anajiegemeza kwa mitatu, au anaamka saa nane za usiku kukaa dirishani akitafuta hewa, aandikiwe rufaa ya moyo siku hiyo hiyo, hata kama sukari yake ya asubuhi imesoma 6.

Ni sisi wahudumu wa wagonjwa wa kisukari,
Lamu